Panya kwenye pipa

Wiki iliyopita mama alimkuta panya amekufa ndani ya pipa la maji pale uani. Maji yenyewe yalikuwa nusu pipa. Akaniita: "Wewe msomi wa dini, haya tunatawadhia au tunamwaga?"

Nikajitanua. Nikamweleza kwamba Imam Malik anaona maji hayanajisiki mpaka yabadilike, Shafii ana yake, kisha nikaingia kwenye nani kamjibu nani. Mama kasimama na kata mkononi. "Mwanangu, nimekuuliza nimwage au nisimwage."

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nalala na mihadhara masikioni, mingi ni ya masheikh kujibizana. Majuzuu ya Majmuu, kitabu kikubwa cha fikihi cha Imam Nawawi, ninayo kwenye simu, sijafungua hata moja. Lakini hukumu ya maji ya nyumbani kwetu, sina.

Jioni ile nikabaki msikitini baada ya Magharibi, kwenye darsa ya Safina, kijitabu cha fikihi ya Kishafii cha wanaoanza, darsa ambayo siku zote nilikuwa naipita nikiiona ya watoto. Na kweli ni ya watoto. Nilipouliza habari ya panya, kabla Maalim hajafungua mdomo, kijana wa miaka kama tisa akaisoma ibara kwa ghibu, kisha maana yake: maji machache ni yaliyo chini ya kulateni, yakiingiwa na najisi yananajisika hata yasipobadilika, yakifika kulateni, ni mpaka yageuke ladha, rangi au harufu. Maalim akaongeza kuwa kulateni kwa makadirio ya siku hizi ni kama lita 200. Pipa zima, basi. Letu lilikuwa nusu.

Mama akayamwagia migomba.

Tangu siku hiyo nakaa mkekani na wale watoto. Kijitabu chenyewe chembamba. Aliyekiandika, Sheikh Salim bin Sumeir, ni Mhadhrami wa Yemen aliyefia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo. Kikiisha kinakuja kitabu cha Abu Shujaa, na Minhaji, kitabu kingine cha Nawawi, iko mbali huko. Mwendo wenyewe ni wa kinyonga, sifichi. Kuna siku tunashinda na mstari mmoja, Maalim anatafsiri neno kwa neno, na mimi nachungulia saa. Mihadhara sijaiacha, ila sasa nikisikia watu wanabishana najiuliza kama ningeweza hata kueleza wanachobishania.

Juzi nilimuuliza Maalim jambo la mtu aliyefungwa plasta mkononi. Akanyamaza, akasema, "Hilo la kwako sina hakika nalo, ngoja nikatazame." Jana kaja na kitabu kimekunjwa ukurasa. Kwenye simu sikumbuki kusikia mtu akisema ngoja.

Kesho ni zamu yangu kusoma furudhi sita za udhu mbele ya wote. Nimezitia irabu kwa penseli. Yule wa miaka tisa kaniangalia daftari, kafuta mbili.