Mwendo wa Jaja

Bwana asifiwe wapendwa. Hii tafakari ilikuwa itoke Jumatatu, mnisamehe, kuna jambo lilinikaa moyoni tangu safari yetu ya Jumamosi na sikutaka kuwaandikia kabla sijapiga nalo magoti mimi mwenyewe.

Mliokuwepo mnajua. Tulitoka Mutukula, pale mpakani Uganda na Tanzania, asubuhi na taksi ya kukodi, tukashuka njiani tukaanza mguu, watu 19 na watoto ndani yake, tunafuata upande wa mto Kagera kwenda Kasensero, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Haikuwa krusedi, ilikuwa tu kutembea pamoja, kuomba njiani, kula samaki tukifika, kurudi nyumbani. Na mimi ndiye nilikuwa mbele. Saa mkononi, hesabu kichwani, saa fulani tuwe hapa, saa sita tuwe ziwani, na kila nikigeuka namwona jaja wetu, yaani mzee wetu, kule nyuma kabisa, fimbo mkononi, goti amelifunga na kipande cha kitenge, anasimama, anaangalia mafunjo, anawaonyesha watoto ndege, anaanza tena hatua mbili tatu anasimama. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia nikapaza sauti, jaja jamani, tutafika usiku! Akanijibu tu kwa upole, "Mwanangu, ziwa halihami."

Watu walicheka, mimi nilichomeka.

Maana hata ule mto wenyewe ulikuwa unanihubiria. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, maji yake yanatoka Burundi na Rwanda huko milimani, lakini huku chini umejikunja kunja kama hauna shida na mtu, rangi ya chai ya maziwa, na bado unafika.

Basi usiku nikamkumbuka Yakobo. Esau amemjia na watu 400, wamekumbatiana, wamelia, halafu Esau anasema haya tuondoke twende pamoja, na Yakobo anakataa, anamwambia wewe tangulia bwana wangu, mimi nina watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, nitaenda polepole kwa mwendo wao. Nimesoma hapo miaka mingi nikaona ni mtu anatafuta kisingizio cha kumkwepa ndugu yake, na labda na hilo lilikuwepo. Lakini wapendwa, angalieni sura moja nyuma. Huyu mtu ametoka mto Yaboki, aliposhindana na Mungu usiku kucha, anachechemea! Yule Yakobo wa zamani aliyekuwa anakimbilia kila kitu, baraka ya kaka yake, mifugo ya mjomba wake, Mungu amemgusa nyonga, na siku hiyohiyo ndio tunamsikia anahesabu hatua za watoto. Nasema hivi, kuna watu Mungu hawezi kuwapa kundi mpaka kwanza awagonge mguu.

Na sasa niseme langu. Kijana wangu wa pili anarudia P.6, darasa la sita. Wengi hamjui kwa sababu nimeona aibu kusema. Mwaka mzima nimekuwa nikimfokea, namtajia dada yake, namtajia watoto wa jirani, na yeye ameanza kunyamaza nikiingia ndani. Nilikuwa namwombea kila asubuhi na kumkimbia kila jioni. Jumamosi ile, wakati namfokea jaja, kijana alikuwa amebaki nyuma naye, amemshikia chupa ya maji. Nilimwona na nikageuka nikaendelea kutembea.

Viongozi wenzangu, wazee wa kanisa, wa kwaya, wa vijana, nawaambia kwa upendo na mimi mwenyewe nikiwemo: tunakimbia mno. Ndugu anakosa ibada mwezi mzima tunasema amepoa, hakuna aliyepanda boda kwenda kumwona. Yule dada aliyefiwa tulimpa wiki mbili za kulia halafu tukamwuliza mbona harudi kwenye zamu. Nani alituambia mchungaji anakaa mbele tu? Rudini nyuma. Leo, msingoje kikao.

Pale Kasensero baada ya kula, jaja ndiye aliyeomba twende kwenye ule ukumbusho, sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kuulizia gari. Wamezikwa pale zaidi ya watu 2,800, waliouawa Rwanda mwaka 1994 wakatupwa mtoni, na Kagera ikawaleta mpaka ziwani. Jaja akatuambia wakati ule watu waliogopa hata kula samaki. Na wavuvi, watu maskini tu, walikuwa wanaacha kazi yao wanawatoa majini watu wasiowajua majina na kuwazika. Hawakuwa na deni nao lolote. Jaja alisimama pale muda mrefu, ameshika bega la kijana wangu, na safari hii sikuangalia saa.

Jana usiku nimekaa na kijana mezani, hesabu moja ya sehemu, moja tu, tumekaa nayo karibu saa nzima. Mara mbili maneno yalinifika mdomoni nikayameza. Alipoipata hakuangalia daftari, aliniangalia kwanza mimi usoni.