Miaka Miwili ya Hanania

Malaba, Februari 16

Leo ofisi na shule zimefungwa kote Uganda kwa ajili ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977, nami nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo halijaniacha tangu mkurugenzi wa shule yetu alipotuita walimu wote na kutuarifu kwamba kiwanja cha shule kimepata mnunuzi, kwamba mazungumzo bado yanaendelea, na kwamba hawezi kutuahidi chochote baada ya muhula huu. Hakuna aliyeuliza swali. Tulipotoka nje, mwenzetu mmoja, mcha Mungu wa kweli ambaye sina shaka na imani yake, alituambia, "Msiogope, walimu, Mungu ana kusudi lake." Wote tukaitikia amina. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ile amina yangu ilikuwa ya namna gani.

Andiko linalotajwa nyakati kama hizi ni Yeremia 29:11. Limebandikwa kwenye vioo vya taksi, limechapwa kwenye kalenda za makanisa, na sidhani kama kuna mahafali niliyowahi kuhudhuria bila kulisikia: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni neno zuri, nami ninalipenda. Lakini lilikuwa ndani ya barua, na barua hiyo iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli, ikiwaambia katika mstari wa kumi kwamba kurudi kwao kutakuwa baada ya miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alielewa mara moja kwamba yeye mwenyewe hatarudi. Na kabla ya kufika kwenye mawazo ya amani, barua inatoa maagizo ya kawaida kabisa: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji ule mliochukuliwa mateka.

Sura inayotangulia hunigusa zaidi, ingawa sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya watu na kutangaza kwamba Bwana ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, na kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Yeremia, ambaye alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya ujumbe ulio kinyume kabisa, alijibu, "Amina." Alitamani iwe hivyo. Ndipo akaongeza kwamba nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotokea, na Hanania alipoivunja ile nira ya mti, Yeremia akaenda zake. Alirudi baadaye na neno la Bwana, na lilikuwa zito. Ninaamini amina yetu siku ile nje ya ofisi ilikuwa ya aina hii: tuliitikia tulichokitamani.

Sisi Waganda tuliowahi kushika chaki hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta Hanania. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliambiwa na wahubiri wengi, redioni na kwa simu, kwamba baada ya mwezi mmoja, au baada ya Pasaka, au baada ya mfungo fulani, Mungu angeliondoa pigo hilo. Kwa wanafunzi wengi milango haikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, na Uganda ikahesabiwa miongoni mwa nchi zilizofunga shule kwa muda mrefu kuliko zote duniani. Sisi wa shule binafsi hatukuwa na mshahara wa serikali. Pale kwetu mpakani na Kenya foleni ya malori yaliyosubiri vipimo ilinyooka hadi isionekane mwisho wake, huku madarasa yetu yakiota nyasi.

Nilijiunga na walimu wenzangu kufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu katika shamba la mjomba. Udongo wa kichuguu hunata vizuri, ila usipoulaza na maji usiku kucha kabla ya kuukanyaga, tofali litapasuka likianza kukauka. Tuliijaza kalibu ya mbao, tukausawazisha udongo kwa ubao, tukaipindua, kisha tukayafunika matofali mabichi kwa nyasi ili jua lisiyakaushe upesi. Kazi yenye mashaka ni kuchoma. Ukishaiziba midomo ya tanuri kwa udongo, huwezi tena kuchungulia ndani. Yaliyo karibu sana na moto huungua na kuwa meusi, ya pembeni hutoka hayajaiva, na hasara ni yako. Najua mhubiri angepata mfano mzuri katika tanuri hilo. Sisi tulipata pesa za unga na sabuni.

Shule zilipofunguliwa, baadhi ya watoto hawakurudi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na binti wa darasa la sita wakati wa kufunga. Wakati wa kufungua, binti huyo alikuwa na mtoto mgongoni. Siku moja mama huyo alinisimamisha njiani na kuniuliza, "Mwalimu, wewe ndiwe unayefundisha dini. Hilo nalo lilikuwa kusudi la Mungu?" Nilimjibu, "Mama, aliyemtendea mtoto hivyo alitenda dhambi, na dhambi yake siwezi kumbebesha Mungu. Zaidi ya hapo sijui." Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Basi afadhali wewe. Mchungaji alinipa mstari."

Mstari aliopewa ulikuwa ule wa Yusufu, kwamba ndugu zake walimkusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Mimi naukubali mstari huo kwa moyo wote. Lakini aliyeyasema maneno hayo ni Yusufu mwenyewe, kuhusu mateso yake mwenyewe, baada ya utumwa, gereza na njaa, alipokuwa ameshika mamlaka na baba yake amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyechungulia ndani ya lile shimo alimotupwa na ndugu zake kule Dothani na kumwambia kijana aliye chini kwamba yote ni mpango. Aliyeumizwa anaweza kuja kuliona kusudi, wakati mwingine baada ya miaka mingi, wakati mwingine asilione kamwe akiwa hai. Anayepita juu ya shimo kazi yake ni kutafuta kamba.

Hapo ndipo ninapomfikiria Luwum, ambaye kabla ya kuwa kasisi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama mimi. Februari 1977, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu, Luwum alikamatwa na kuuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, huyu wa pili akiwa mwana wa huku kwetu Tororo. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili wa Luwum ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, huko Kitgum, na kaburi lililochimbwa Namirembe, kwenye kanisa kuu huko Kampala, karibu na lile la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, likabaki tupu. Watu walikusanyika wakaimba na kuomba kando ya kaburi lisilo na mtu, wakati ambapo kuonekana tu pale kulikuwa hatari.

Sisi tunaosoma habari hiyo leo tunajua kwamba Amin aliangushwa Aprili 1979, na tunajua kwamba jina la Luwum lingepewa sikukuu ya taifa. Wale wa Namirembe hawakujua. Kama kuna mtu pale aliyewaambia kwamba mambo yatakwisha upesi, hakuwa na msingi wowote wa kusema hivyo. Waliloweza ni kuimba, kurudi majumbani kwa njia tofauti, na Jumapili iliyofuata kufungua makanisa. Kwangu mimi kumtumainia Mungu kuna sura hiyo: yeye anayajua mawazo yake, na mimi nimepewa kazi ya siku hii.

Kwa upande wetu, kazi hiyo kwa sasa ni shamba la shule. Mvua za Machi zinakaribia, na maharage yakipandwa mapema mwezi huo yatakuwa tayari Juni, yaani baada ya muhula kwisha, wakati hatujui kiwanja kitakuwa cha nani. Mwalimu mkuu ametaka maoni yetu. Mimi nilisema tupande, kwa sababu wanafunzi wa darasa la saba watahitaji chakula cha mchana popote watakapokuwa wakisomea, na hata maharage hayo yakivunwa na mwenye kiwanja mpya, yatakuwa yamelisha mtu. Mwenzetu wa hesabu anapinga. Anasema pesa za mbegu zitoke kwanza kwa mkurugenzi na iandikwe karatasi kwamba mavuno ni ya shule. Hoja yake si mbaya, na Yeremia naye, alipolinunua shamba la Anathothi mji ukiwa umezingirwa, aliandika hati na kuita mashahidi. Tutaandika karatasi hiyo Jumatatu, tuone kama mkurugenzi ataitia sahihi.