Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa ukunga na bahasha ya maoni

Saa 11 na nusu alfajiri

Chai ikiwa jikoni nafungua bahasha ya kaki. Ndani mna vikaratasi vya jana, kila kimoja nusu ya karatasi ya daftari, vya mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Kila ninapomaliza kipindi kigumu huwaachia maswali mawili: nini umekielewa kiasi cha kumfundisha mwenzako, na nini bado kinakuchanganya? Jina haliandikwi. Mwakilishi wa darasa ndiye anayekusanya, mimi nikiwa nimeshatoka nje. Fomu ya kwenye simu tuliijaribu, ikawa wanaojibu ni wenye bando tu.

Somo la jana lilikuwa patografu, ile karatasi ya kufuatilia mama aliye kwenye uchungu. Kipo kikaratasi kinachosema, "Madam uko vizuri, Mungu akubariki." Nashukuru, nakiweka pembeni, maana hakinionyeshi pa kushika. Vingine vingi vinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mama akija njia imeshafunguka sentimita 6, saa aliyofika inaandikwa wapi? Mmoja amechora kabisa kijipatografu kwa kalamu ya wino na kuweka alama ya kuuliza chini ya kisanduku cha kwanza. Huyo amenipa kazi ya leo.

Saa 1 na nusu asubuhi

Wodi ya wazazi. Wauguzi wa usiku wanakabidhi zamu, na wanafunzi wangu sita wamejipanga ukutani na sare zao.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwalimu. Njoo uone watoto wako wanavyonichorea."

Muuguzi kiongozi ana faili mkononi. Mama aliingia leo saa 12 asubuhi akiwa na sentimita 6, na mwanafunzi amejaribu kumchorea patografu kwenye karatasi ya mazoezi. Alama ya X iko kwenye 6, sawa. Lakini ameiweka pembeni kabisa kushoto, kwenye kisanduku cha kwanza, na saa 12 ameiandika hapo hapo. Karatasi halisi ya mama Sista ameijaza mwenyewe, vizuri.

Kwa asiyeijua karatasi hii: kila kisanduku kwenda kulia ni saa moja, na mstari wa tahadhari unaanzia kushoto kwenye sentimita 4 na kupanda sentimita moja kila saa. Mama akifika na 6, X inawekwa juu ya mstari wenyewe, pale unapokatana na 6, kisha saa aliyofika inaandikwa chini ya hapo. Ukimrudisha kwenye kisanduku cha kwanza umempa saa mbili za bure. Akipimwa saa 4 asubuhi akakutwa na 8, karatasi iliyokosewa itaonyesha yuko kwenye mstari wenyewe, hajauvuka, mambo shwari. Iliyo sahihi itaonyesha ameshauvuka kwa saa mbili na zimebaki mbili tu afike mstari wa hatua, ule wa pili ulio saa nne kulia kwake, ambapo lazima uamuzi ufanyike. Kwenye kituo cha afya huko kijijini, kuvuka mstari wa tahadhari maana yake ni kuandaa rufaa. Hapo ndipo saa mbili za bure zinapouma.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 umebadilisha mambo: unaanzia sentimita 5 na mstari huo haupo tena. Nao nafundisha. Lakini wodi ninakopeleka wanafunzi bado wanajaza karatasi ya zamani, na mwanafunzi anapaswa kuijua atakayoikuta mezani.

Saa 4 asubuhi

Nimeahirisha somo la leo. Meza za maabara ya mazoezi tumezisogeza ukutani, na nimechora patografu sakafuni kwa chaki, kila saa hatua moja. Namwomba mwanafunzi awe mama wa sentimita 6 na asimame anapodhani ndipo mahali pake. Anaenda kwenye kisanduku cha kwanza. Wa pili anamvuta hadi juu ya mstari. Darasa linagawanyika, kelele zinaanza, na mimi nakaa kimya kwa sababu hiki ndicho nilichokuwa nakitaka.

Nawaambia wote wawili watembee saa nne mbele, kila mmoja kutoka aliposimama, kisha wasimame kwenye 8. Mmoja anajikuta yuko juu ya mstari. Mwingine yuko mbali kulia, katikati ya mistari miwili.

"Madam, kumbe ni mama yule yule!" binti wa nyuma anapaza sauti.

Ni yule yule. Jana nilieleza kanuni hii kwa picha ubaoni, wakaitikia kwa vichwa. Bila vile vikaratasi ningeendelea na somo linalofuata, na makosa yao ningeyaona Juni kwenye mtihani wa vituo, ule wa vitendo, wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Saa 7 na nusu mchana

Wali, dagaa, halafu kikao cha idara kuhusu madodoso ya mwisho wa muhula. Maswali ishirini na kitu, kila moja lina alama 1 hadi 5, kuanzia sikubaliani kabisa hadi nakubaliana kabisa. Mtindo huu tumeurithi kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, tangu mwaka 1932. Mkuu wa idara anasoma wastani wa kila mkufunzi kwa desimali mbili na watu wanatazamana.

Mimi wastani haunisisimui, uwe wangu au wa mwenzangu. Mwanafunzi aliyechoka hupiga tiki kwenye 4 kuanzia juu hadi chini. Mwaka 2017 mtafiti Bob Uttl na wenzake huko Kanada walikusanya tafiti nyingi za aina hii wakazichambua upya, wakakuta alama ambazo wanafunzi humpa mwalimu hazina uhusiano wa maana na kiasi walichojifunza. Nimelisema hilo kikaoni. Mwenzangu mmoja akajibu kwamba wenye wastani mdogo ndio hupenda tafiti hizo. Tumecheka.

Tulichokubaliana ni kidogo lakini cha kweli: dodoso litabaki kwa sababu linatakiwa kwenye mafaili ya ubora, ila maoni ya maandishi yatasomwa kwanza, na katikati ya muhula kutakuwa na awamu nyingine ambayo mkufunzi wa somo haigusi. Wanafunzi wanaogopa, na wana sababu. Mtu anayesahihisha mitihani yako anaujua mwandiko wako. Huko wodini ni zaidi: kundi lina watu sita, na anayekusainia kitabu cha mazoezi ndiye unayemtathmini. Kwa hiyo maoni kuhusu wasimamizi wa wodi yatasubiri hadi makundi yote yazunguke, yachanganywe, ndipo yasomwe.

Saa 9 alasiri

Kipindi kifupi cha kurudisha majibu. Hiki wakufunzi wengi hukiruka, nami nakiona ndiyo nusu ya kazi. Mwanafunzi akiandika mara mbili asione kitu, ya tatu ataandika "sawa tu".

Wameomba slaidi zitumwe kwenye grupu kabla ya kipindi: nimekubali, zinatumwa jioni ya siku inayotangulia. Wameomba zamu za usiku zipunguzwe: hapana, na nimewaeleza kwamba watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Wameomba nieleze kwa Kiswahili. Hapa tumebishana kidogo, maana mtihani ni wa Kiingereza na nikiwabembeleza sana watakwama. Lakini mama wa leba haambiwi asukume kwa Kiingereza. Tumekubaliana dhana zielezwe kwa Kiswahili, majibu yaandikwe kwa Kiingereza, na mazoezi yote ya kuzungumza na mgonjwa yawe kwa Kiswahili kama wodini.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Madam, trei ya maabara ina kila kitu. Wodini tunakuta pamba na glovu. Tunafanyaje?"

Limekuwa likijirudia kwenye vikaratasi. Kuanzia wiki ijayo tutafanya mazoezi na trei mbili, moja kamili na moja pungufu, na wataniambia kipi kinaweza kukosekana kazi ikaendelea salama, na kipi kikikosekana unasimama na kumwita mkubwa wako. Kunawa mikono hakumo kwenye mjadala: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono.

Saa 12 jioni

Niko kwenye daladala, kiti cha dirishani kwa bahati. Simu inatetemeka. Ni Sista: yule mama amejifungua salama, mtoto wa kike. Halafu ujumbe wa pili: "Nasikia wanafunzi watatutathmini. Na sisi tutawapa alama lini?"

Namjibu aje kwenye kikao cha Jumatatu, hoja hiyo naiweka kwenye ajenda.