Kifua kinabana kidogo tu

Jana binti yangu alileta daftari la Kiingereza, anataka kujua kwa nini amekosa alama kwa kuandika "little" mahali pa "a little". Nikamweleza kwamba ile "a" ndiyo yenye tumaini: ukiwa na "a little" una chochote mkononi, ukiwa na "little" huna cha maana. Akaridhika, akatoka kucheza. Mimi nikaanza kumfikiria mzee wa Govan, mtaa wa Glasgow kule Uskoti.

Enzi hizo nilikuwa Glasgow, zamu za usiku, nyumba ya wazee. Waskoti hutia "wee", yaani "kidogo", karibu kila mahali: kikombe cha chai ni "wee cup", na ukiambiwa usubiri "a wee minute", tafuta kiti ukae. Mzee huyu alikuwa amechomelea vyuma maisha yake yote kwenye viwanda vya meli kando ya mto Clyde. Hakuwa msemaji.

Alfajiri moja nilimkuta ameketi kitandani, macho makavu. Nikamuuliza kulikoni.

"Just a wee bit tight, hen," akajibu, akijigusa kifuani. Kinabana kidogo tu. Kisha akaniomba radhi kwa usumbufu, wakati kengele ilikuwa hapo pembeni na hakuigusa.

Nikautazama mkono wake. Vidole vinene, vyenye makovu ya cheche za miaka mingi, vilikuwa vimekamata ukingo wa shuka hadi kucha zimekuwa nyeupe. Mkono wa kushoto ulilala pajani kama si wake. Jasho lilimjaa juu ya mdomo, na chumba chenyewe kilikuwa na baridi hata mimi nilivaa sweta juu ya sare.

Nikapiga 999, namba ya dharura. Watu wa ambulensi wakamuuliza maumivu ni kiasi gani, toka sifuri mpaka kumi. Akafikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Two," akasema. "Maybe three."

Yule dada wa ambulensi, mzaliwa wa palepale, hakubishana naye. Aliandika, akamtupia mwenzake jicho, wakaharakisha.

Ulikuwa mshtuko wa moyo. Alipona, akarudi, na ukimuuliza habari za hospitali alisema alikuwa "a bit under the weather", hajisikii vizuri sana.

Sijajua mpaka leo kama ule ni ujasiri au ni hofu ya kuwa mzigo. Mwaka 1982 injini zote nne za ndege ya rubani Mwingereza Eric Moody zilizimwa na majivu ya volkano karibu na Java, naye akawatangazia abiria kuwa kuna "a small problem", tatizo dogo. Alitua salama Jakarta, na utulivu wake unasifiwa hadi leo. Nami namsifu. Ila abiria wale walikuwa na mtu wa kuwashusha. Mzee wangu alikuwa peke yake usiku kucha.

Mama yangu, Tanga, akiugua husema kwenye simu, "Sijambo kidogo, mwanangu." Siku hizi siishii hapo. Namuuliza amekula nini, amelala saa ngapi, ameenda msalani mwenyewe au ameshikwa mkono. Hukasirika, husema namhoji kama polisi. Nangoja amalize, kisha nauliza tena.