Kadi ya Wi-Fi niliyoifunga na kuitoa mwenyewe, bila kuformata chochote

Kadi ya Wi-Fi, ile inayoipatia kompyuta mtandao bila waya, ikigoma, dawa yake si kuformata kompyuta, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo shauri nililopewa na karibu kila mtu hapa Lubumbashi, na kila aliyelitoa alitaja na bei yake papo hapo.

Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa fotokopi huku Katuba. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta TFC zao, yaani kazi zao za kumaliza masomo. Zamani walikuja na flash mkononi. Siku hizi mtu anakutumia faili kwa barua pepe akiwa bado kwenye teksi, na akifika anataka kukuta kurasa zimeshatoka. Mimi nilikuwa nazipokea kwenye simu, nazihamishia kwenye kompyuta kwa waya, huku foleni inanitazama.

Mtandao wenyewe ulikuwa karibu. Mama mwenye nyumba ana ruta sebuleni kwake, upande wa pili wa lupango (kiwanja chetu), na tulikubaliana nichangie makuta, yaani pesa, kidogo kila mwezi. Lakini kati yetu kuna ua, ukuta wa matofali ya kuchoma na dirisha lenye nondo. Kijiti cha USB nilichojaribu kwanza kilikamata mtandao pale tu nilipokivuta kwa waya hadi mlangoni. Vijiti vile vidogo antena yao imefichwa ndani ya plastiki, na ukivichomeka nyuma ya kompyuta vinabanwa kati ya kasha la chuma na ukuta. Nilimuuzia mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi, kwake kinafanya kazi vizuri.

Ndipo nikaenda mjini kutafuta kadi ya ndani yenye antena mbili za nje. Niliipata iliyokwisha tumika, dola kumi na kitu, baada ya kubishana. Ni ya PCI Express, yaani inachomekwa kwenye tundu la aina hiyo lililoko kwenye bodi mama, ile bodi kuu ndani ya kompyuta; ni ile fupi ya x1. Ukienda kununua, fungua kwanza kasha lako utazame: matundu ya PCI ya zamani, yale marefu ambayo mara nyingi ni meupe, hayapokei kadi ya PCI Express hata ukisukuma kwa nguvu zako zote. Lakini kadi fupi ya x1 inakaa bila shida kwenye tundu refu la x16 kama kompyuta haitumii kadi ya picha. Muuzaji mmoja alinikatalia jambo hili mbele ya watu, akataka ninunue na bodi mama nyingine. Asisikilizwe.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya kasha jembamba, zile zinazolazwa chini ya skrini. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Bamba la chuma lililoshika kadi, lile linalofungwa kwa skrubu nyuma ya kasha, lilikuwa la kompyuta kubwa, urefu wake kama sentimita 12. Kasha langu linataka bamba la sentimita 8. Kadi mpya nyingi huuzwa na mabamba yote mawili, refu na fupi, ila kwenye za mkono wa pili lile fupi huwa limeshapotea. Muuzaji akaniambia: «Yaya (kwetu ndiyo kaka mkubwa), toa tu hilo bamba, kadi itakaa yenyewe.» Nilifuata. Kadi ilikaa, naam, mpaka nilipofunga antena. Uzito wa antena unaivuta kadi upande, miguu yake inainuka kidogo ndani ya tundu, na mtu akiegemea meza kompyuta inaipoteza kadi kabisa. Mteja alikuwa anatuma kazi yake kwa profesa wake hapo hapo kwangu, mtandao ukafa katikati. Shauri lile silisamehi mpaka leo.

Bamba fupi la kununua sikulipata popote mjini. Nikakaa nikiangalia nyuma ya kasha, na jibu lilikuwa limefungwa pale pale: kila tundu lisilotumika lina kifuniko chake cha chuma, chenye kimo kile kile na mkunjo ule ule wa skrubu ninaoutaka. Kilichopungua ni matundu mawili ya kupitishia viungio vya antena. Sasa uyatoboe wapi hasa? Kupima kutoka kwenye bamba refu hakusaidii, maana mkunjo wa juu wa bamba refu hauko mahali pamoja na wa bamba fupi. Ukikosea milimita mbili, kadi haiingii.

Mimi nina muhuri wa ofisi, na muhuri una wino. Nilichomeka kadi kwenye tundu lake bila bamba lolote, viungio viwili vya dhahabu vikatokeza nje kwenye uwazi wa nyuma. Nikavipaka wino wa muhuri kwenye ncha. Nikachukua kile kifuniko, nikakishika kwa nje nikikilinganisha na kingo za uwazi na tundu la skrubu, nikakibonyeza taratibu. Kilipotoka kilikuwa na viduara viwili vya bluu mahali halisi pa kutoboa. Nikamkimbilia fundi wa vyuma karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Nyuzi za viungio vile vya antena ni za robo inchi, yaani milimita 6 na kitu, kwa hiyo nilimwomba atumie keekee ya milimita 6 na nusu. Alinitoza kama bei ya soda mbili. Mabaki ya chuma yasafishwe huko huko kwa fundi, kwa kitambaa na kwa kidole, kwa sababu unga wa chuma ukidondoka juu ya bodi mama unaunganisha njia zisizopaswa kuunganishwa, na kompyuta imekwisha.

Nilipitisha viungio, nikakaza nati zake, nikafunga skrubu. Kadi haikutikisika tena. Vijana wawili wenye ofisi kama yangu wameshakuja kuazima wino.

Kuna jambo moja la Lubumbashi ambalo watu wa maeneo yenye unyevu hawalijui. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa kali na hewa kavu, ukivua sweta ya sufu unasikia cheche. Cheche hiyo hiyo inaweza kuua chipu ya kadi bila wewe kuona kitu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kadi. Na kadi ishikwe kwenye kingo, ile miguu ya dhahabu isiguswe.

Kompyuta ilipowaka, Windows ilisema imeona kifaa kipya lakini haiwezi kukiwasha: kodi 10, yaani namba ya kosa. Nikamwita kijana mmoja fundi. Alikuja na flash yenye «draiva zote za dunia», yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa, akaipakia, ikamwaga makumi ya programu nisizoziomba, kompyuta ikawa nzito, na kodi 10 ikabaki. Akahukumu: «Yaya, hii kadi inaisha kufwa. Ao tuformate.» Nilimlipa nauli, nikamshukuru, akaenda.

Kadi haikuwa imekufa. Kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haijitaji. Hii ilikuwa inajitaja, ila hakuna aliyekuwa anaisoma. Windows yangu ni ya Kifaransa: unafungua Gestionnaire de périphériques, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, unabofya kadi mara mbili, unaenda kwenye Détails, unachagua Numéros d'identification du matériel. Pale inatokea mistari ya herufi na namba. Wangu ulianza na PCI\VEN_10EC&DEV_818B. Sehemu ya VEN ni kiwanda kilichotengeneza chipu: 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros, 14E4 ni Broadcom, 8086 ni Intel. DEV ni chipu yenyewe, na 818B kwa Realtek ni RTL8192EE. Jina lililoandikwa juu ya boksi halikutajii hayo, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha chipu ndani na kuacha jina lile lile nje. Draiva hufuata chipu. Flash ya yule kijana nayo ilikuwa imepachika draiva ya chipu nyingine ya ukoo huo huo, ndiyo maana kodi 10 ilibaki.

Nilifuta kifaa kwenye orodha, nikatia alama kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yake pia. Bila alama ile, Windows inairudisha draiva ile ile mbovu kila ukiwasha. Halafu kukaja swali la yai na kuku: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inangoja draiva. Simu ya Android inalimaliza hili. Iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kugawa mtandao kwa USB. Windows 10 inaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, na unaingia mtandaoni kwa data ya simu. Nikaiambia itafute upya vifaa, ikashusha draiva sahihi yenyewe. Data iliyoliwa ilikuwa ndogo. Ila zuia kwanza masasisho mengine ya Windows, la sivyo yatameza kifurushi chote.

Mtandao ukaja, vijistari viwili. Fundi mwingine alisema ninunue antena kubwa. Sikununua. Antena zilikuwa nyuma ya kasha la chuma, zinatazama ukuta, na mawimbi hayapiti kwenye chuma. Nilinunua waya mfupi wa kurefushia antena, nikapeleka antena moja hadi kwenye dirisha linalotazama ua, nikaisimamisha wima. Vijistari vinne. Waya huu usiwe mrefu kupita haja, maana mawimbi yanapungua kadiri yanavyosafiri ndani yake; mita moja ilinitosha. Pia nilimwomba Mama ruhusa ya kuhamisha chaneli ya ruta kwenda 11, kwa sababu majirani wote walikuwa wamejazana kwenye 6. Kwenye masafa ya 2.4 GHz ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Usishangae kadi iliyoandikwa 300 Mbps isipofika huko: namba hiyo inahitaji nafasi pana ya hewani ambayo mjini haipatikani.

Kwa matumizi ya kila siku nina neno moja. Kwenye sifa za kadi, upande wa umeme, ondoa ile alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa nishati. Bila hivyo, kompyuta ikilala wakati wa chakula, ikiamka mtandao haupo, na mtu atakuambia tena uformate.

Kadi ilinitumikia vizuri mpaka Mama alipochimbisha ua kwa ajili ya bomba la maji. Nilimwomba tupitishe na waya wa mtandao kwenye mfereji huo huo, akakubali. Waya wa Ethernet hufika hadi mita 100, na ua wetu hauna hata nusu yake. Kadi ikawa haina kazi, na mtoto wa dada yangu kule Kamalondo alikuwa akiihitaji.

Kijana mmoja akaniambia niivute tu kompyuta ikiwa imelala. Hapana! Kompyuta iliyolala bado ina umeme kwenye bodi mama. Hata kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 si kuzima kamili, kwa sababu ya ile mbinu ya kuwasha haraka: sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski pamoja na kumbukumbu ya vifaa vilivyokuwepo. Nilifuta kwanza kadi na draiva yake kwenye orodha, nikafuta mitandao iliyohifadhiwa, kisha nikazima huku nimeshikilia Shift, ambayo inazima kweli. Nikachomoa waya wa umeme na kungoja taa ndogo ya bodi mama izimike. Antena zifunguliwe kabla ya kadi, si baada. Tundu fupi la x1 kwa kawaida halina kile kikufuli cha plastiki kilichoko kwenye tundu la kadi ya picha, kwa hiyo kadi inatoka ukiivuta juu moja kwa moja, bila kuiyumbisha. Tundu la nyuma nilifunika kwa kipande kingine cha bati, maana vumbi jekundu la kiangazi halihitaji mwaliko, na feni za kompyuta zimepangwa kuvuta hewa kasha likiwa limefungwa.

Kompyuta ya mpwa wangu ni ya zamani, haikubali Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ana Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Kasha lake ni refu, nikarudishia kadi bamba lake la asili, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwenye bahasha. Tukawasha. Akauliza: «Mjomba, draiva iko wapi?» Haikuhitajika: Linux inabeba draiva ya chipu hii ndani yake tayari. Alichagua jina la mtandao, akaandika nywila, akaanza kushusha notisi zake.