Siku moja maishani mwangu: fundi wa Buffalo, kutoka Eastleigh hadi El Wak

Vijana wa kwetu wakisikia nilikuwa Jeshi la Wanahewa la Kenya huniuliza: "Mzee, uliendesha ndege ya vita?" Hapana. Nilikuwa fundi wa ndege ya mizigo, Buffalo, na niliruka nayo. Nimestaafu siku nyingi, lakini kazi ile bado naipenda na nataka ijulikane. Siku nitakayoisimulia ni ya kawaida kabisa, ya kiangazi, miaka ya themanini. Enzi hizo tuliitwa 82 Air Force, kwa sababu ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na jina la Kenya Air Force lilirudi 1994.

Saa kumi alfajiri

Niko chini ya bawa na tochi, chupa ya kioo mkononi. Baridi ya Eastleigh, kambi yetu ya Nairobi, saa hizo inaingia mifupani. Usiku tangi likipoa, unyevu uliomo ndani hugeuka maji, na maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pale injini inapovutia. Nafungua kivalvu, natoa mafuta kidogo, nainua chupa mbele ya mwanga. Mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, meupe yenye umanjano kwa mbali. Ukiona tone linatembea peke yake chini ya chupa, hayo ni maji. Siku hiyo upande wa kushoto ulitoa tone moja. Nikamwaga, nikachukua tena, nikamwaga, nikachukua tena, mpaka chupa ikawa safi kutoka juu hadi chini.

Halafu matairi, mirija ya breki, na mafuta mekundu ya haidroliki, ambayo ukiyakuta sakafuni unatafuta yametoka wapi hata kama rubani ameshavaa kofia. Mkia wa Buffalo umesimama karibu mita 9 kutoka ardhini, na huwezi kuukagua kwa macho ya pale chini ukadhani umefanya kazi. Ngazi inaletwa, unapanda.

Nikatia saini kitabu cha ndege. Saini ya fundi anayeruka ina uzito wake, maana ndege unayoiidhinisha ndiyo utakayoipanda baada ya saa mbili. Sijawahi kuona mafunzo yanayomkaza mtu kushinda hilo.

Saa kumi na moja na nusu

Mzigo: magunia ya unga na maharage, mapipa ya dizeli, vipuri vya Land Rover, mfuko wa barua, na askari wanaorudi kituoni kutoka likizo. Kwa vitabu, Buffalo inabeba takriban tani 8, au askari 41, au machela 24. Lakini uzito wa jumla ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni mahali uzito ulipokaa. Pipa la dizeli la lita 200 linakaribia kilo 185, na gunia ni kilo 90. Vizito vinakaa usawa wa mabawa, vyepesi vinasogea mbele na nyuma. Ukirundika vizito mkiani, pua itainuka wakati wa kuruka na rubani hataweza kuirudisha.

Msimamizi wa mzigo alikuwa koplo mmoja mtaratibu kutoka pwani. Kila mnyororo alioufunga aliuvuta kwa uzito wa mwili wake wote, kisha akaniita: "Afande, vuta na wewe." Nikavuta. Wawili tukiridhika, mlango wa nyuma unapandishwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Tunaruka mapema kwa sababu ya hewa. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko tayari ni nyepesi. Jua likishapasha ardhi inazidi kuwa nyepesi: bawa linapata kidogo cha kushika, propela vilevile, injini vilevile. Mzigo unaoruka saa kumi na mbili bila shida unaweza kukukatalia saa saba mchana kwenye barabara ile ile ya kurukia.

Injini mbili za General Electric, kila moja zaidi ya nguvu farasi 3,000, na propela zenye upana wa zaidi ya mita 4. Kiti changu kiko nyuma ya marubani, katikati, macho kwenye geji: joto, presha ya mafuta, nguvu ya mzunguko. Rubani anatazama nje, mimi natazama ndani. Meja aliyeturusha siku hiyo alikuwa na desturi ya kuuliza "Fundi?" kabla ya kusukuma mikono ya injini, na hakusukuma mpaka nijibu, "Sawa, afande." Nilimheshimu sana kwa hilo.

Mlima Kenya unabaki kushoto. Tunavuka Tana, kisha kijani kinakwisha.

Saa mbili asubuhi, Wajir

Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 490. Ukitua Wajir unapokewa na mambo mawili: joto na kongoti. Ndege wale wakubwa wanazoea mji na majalala yake, na jua likipanda huanza kuzunguka juu kwa juu wakifuata hewa ya moto. Kongoti mmoja akiingia kwenye propela ni hasara kubwa. Tukajaza mafuta, chai ya maziwa ikanywewa tukiwa wima, tukaondoka.

Saa tatu na robo, El Wak

Mwendo wa nusu saa hivi, mpakani na Somalia. Uwanja ulikuwa udongo mtupu. Rubani hupita kwanza chini chini bila kutua, tuone upepo unavumia wapi na kama mbuzi na ngamia wameondolewa. Askari wa kituo walikuwa wakikimbia na fimbo, na mtoto mmoja nyuma yao akivuta ngamia aliyegoma.

Hapa ndipo Buffalo ilipoonyesha ilivyozaliwa. De Havilland ya Kanada waliitengeneza kwa viwanja vifupi vibovu, wakiendeleza Caribou yao, ambayo wazee waliotutangulia katika jeshi letu pia waliifanyia kazi. Inashuka polepole, pua chini, vibao vya nyuma ya mabawa vimeteremshwa vyote, unaona ardhi imejaa kioo cha mbele. Inagusa, na rubani anageuza mapanga ya propela yasukume kinyume. Hilo lataka adabu. Ukichelewa kuyarudisha, mwendo unapungua na vumbi unalolisukuma mbele linakumeza, na kokoto zinaruka moja kwa moja kwenye mapanga. Meja aliyarudisha mapema, akamalizia kwa breki. Hata hivyo niliisikia kokoto moja, mlio mkali upande wa kushoto.

Mzigo ukashushwa huku injini ya kulia ikinguruma. Mahali pasipo na msaada hatukupenda kuzima zote.

Tukiwa tunajiandaa kuondoka, daktari msaidizi wa kituo akaja na mzee wa Kisomali kwenye machela. Kifua kilikuwa kimembana, kila pumzi inasikika. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na kitu, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Akaniuliza, "Afande, huko juu babu ataweza kupumua?"

Lilikuwa swali la haki. Buffalo haina chumba kilichoshindiliwa hewa kama ndege za abiria, hivyo mgonjwa anavuta hewa ya kimo kile kile mnachoruka. Ukipanda juu, hewa inampungukia. Ukibaki chini saa nne ya jua la kaskazini, hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na ndege inarushwa huku na huku, na mtu mwenye kifua anaumia kwa kila mrusho. Nikamweleza Meja. Akaamua chini, mwendo wa pole. Nikamwambia kijana ashike mkono wa babu yake, na koplo akapiga goti kando ya machela akiizuia isitikisike. Njia nzima alibaki hivyo.

Mzee alipoteremshwa Wajir na gari la hospitali, alinishika mkono akasema maneno mengi. Mjukuu hakutafsiri, na mimi sikumwomba. Nikajibu, "Pole mzee, utapona," nikarudi kwenye kokoto yangu.

Saa tano, Wajir tena

Injini zote zimezimwa. Hupati kovu la propela kwa kutazama, unalipata kwa kidole. Unapitisha ncha ya kidole ukingo wa mbele wa panga, polepole, kutoka shina hadi ncha. Panga la kwanza, laini. La pili, kidole kikakwama. Kovu dogo kuliko punje ya mchele. Udogo si hoja. Panga linazunguka kwa kasi kubwa likivutwa kwenda nje muda wote, na ufa huanzia pahali penye jeraha. Nikapima kina na umbali wake kutoka nchani, nikafungua kitabu: ndani ya kiwango. Meja akaja, akapitisha kidole chake mwenyewe.

"Tunarudi nayo?"

"Tunarudi nayo, afande. Lakini leo usiku inafanyiwa kazi."

Saa tisa alasiri, Eastleigh

Tulitua na kundi kubwa la askari wa likizo na masanduku yao, na bahasha nene za barua. Safari yenyewe haina la kusimulia.

Saa kumi hadi saa moja usiku

Marubani wanaandika ripoti na kwenda. Kwa fundi, nusu ya siku ndiyo inaanza. Nilichomoa plagi ya sumaku inayokaa ndani ya mfumo wa oili ya injini. Chuma chochote kinachosagika humo hunaswa nayo. Ukiifuta kwenye kitambaa cheupe ukapata weusi laini kama unga wa wimbi, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukipata chembe inayong'aa, inayokwaruza ukiisugua kati ya vidole, kuna beringi au jino la gia linakufa, na injini hiyo hairuki. Za siku hiyo zilikuwa unga mtupu, zote mbili.

Kovu la panga likalainishwa kama kitabu kinavyoagiza, likapimwa upya, likaandikwa. Mkaguzi wa zamu akapitisha kidole bila mimi kumwonyesha lilipokuwa. Hakulipata.

Leo Jeshi la Wanahewa lina ndege za mizigo za C-27J Spartan za Italia, na mafundi vijana wana kompyuta inayowaambia mengi ambayo sisi tuliyatafuta kwa kidole na chupa. Nafurahi kwa ajili yao. Ningependa tu kujua kama bado wanaruka na kazi yao wenyewe.

Nilifunga sanduku la spana saa moja na robo, nikapita ubaoni kusoma zamu ya kesho. Buffalo ile ile ilikuwa imepangiwa Lodwar, kuruka saa kumi na mbili na nusu, na jina langu lilikuwa la tatu.