Namna nilivyolipia chuo cha jamii Minnesota bila kuchukua mkopo

Wakenya wenzangu wa hapa Minnesota wanaponipigia simu kuuliza habari za FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa karo wa serikali kuu ya Marekani, swali huwa lile lile: inajazwaje? Huwajibu kwamba ukiwa na karatasi zako, fomu yenyewe ni kazi ya jioni moja. Shughuli huanza pesa zikishaanza kuingia. Zinafuata krediti zako, yaani vipimo vya uzito wa kozi unazosoma, muhula kwa muhula, na nimeona watu wakipoteza msaada kwa sababu ya kozi waliyojiandikisha au waliyojiondoa, si kwa sababu ya kukosea fomu.

Tulikuja mapema 2023 kwa Green Card, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha P1, nimeajiriwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya. Huku nilianza walikoanzia wengi wetu: kozi fupi ya CNA, msaidizi wa muuguzi, halafu shifti za usiku kwenye makao ya wazee. Nilitaka kuwa muuguzi kamili, RN, na njia nafuu kwangu ilikuwa chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, ambapo krediti moja hugharimu takribani dola 200. Stashahada ya uuguzi ina krediti zaidi ya 60. Piga hesabu, kisha ongeza vitabu.

Kile cheti cha P1, ambacho nyumbani watu walikuwa wameanza kukibeza, ndicho kilichoniokoa, kwa kuwa si shahada. Ruzuku ya Pell, pesa za serikali kuu ambazo hazirudishwi, hupewa mwanafunzi ambaye hajawahi kupata shahada ya kwanza. Haijalishi shahada uliipatia wapi. Ya Kenya inahesabika sawasawa na ya Marekani. Mume wangu ana digrii ya biashara kutoka chuo kikuu cha nyumbani, kwa hiyo mlango wa Pell kwake umefungwa, ingawa hapa anaendesha forklifti kwenye bohari. Anaweza kukopa kwa serikali, lakini ruzuku hiyo hapati. Nimewasikia watu kwenye sherehe zetu wakishauriana eti digrii ya nyumbani ifichwe, nani atajua. Fomu ile unatia sahihi kwamba uliyoyasema ni kweli, na wewe hata uraia bado. Mimi sitamshauri hivyo mtu ninayempenda.

Kabla ya fomu kuna akaunti ya studentaid.gov. Hapa kinachowakwamisha watu wetu ni majina. Pasipoti ya Kenya inabeba majina matatu, kadi ya Social Security huenda imebeba mawili, na kazini unaitwa jina lingine kabisa. Akaunti inataka jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane na vile vilivyo kwa watu wa Social Security. Mimi niliiweka kadi mezani nikanakili herufi kwa herufi. Usimlipe mtu akujazie. Fomu ni ya bure, na maktaba za mtaa na vyuo vyenyewe huandaa jioni za kusaidia watu. Yule anayetoza dola 150 pia atataka nywila yako, na ukishampa amekushika.

Fomu ya 2024–25 ilichelewa. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, ile ikafunguliwa siku za mwisho za Desemba 2023. Tena haikuuliza mapato ya sasa, iliuliza ya 2022, wakati ambapo nilikuwa bado nashika chaki. Watu wengi wakifika hapo huandika sifuri, wakidhani mapato ya Kenya hayahusu. Yanahusu. Nikaingia kwenye mfumo wa hati za mishahara wa TSC, nikapakua P9 ya 2022, ile hati ya mshahara na kodi ya mwaka mzima, mume wangu akaitafuta ya kwake kwa mwajiri wake wa zamani, na risiti za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, tukaziweka kando endapo chuo kitaziomba. Mshahara wangu wa mwaka ulikuwa laki tano kasoro. Mwezi tulioijaza fomu shilingi ilikuwa imeanguka hadi karibu 160 kwa dola moja, kwa hiyo mwaka mzima wa kufundisha darasa la watoto sabini ulitoka dola elfu tatu na ushei. Sijawahi kufurahia kuanguka kwa shilingi ila siku hiyo.

Kwa kuwa nimeolewa, wazazi wangu hawakuulizwa. Mume wangu ndiye aliyepaswa kufungua akaunti yake na kutoa idhini yake mwenyewe. Bila idhini ya kila anayehusika, fomu hukaa hapo ilipo na msaada wa serikali kuu hautolewi. Kile kipimo cha uwezo wa familia, SAI, kikatoka hasi, nami nikapata Pell kamili: dola 7,395 kwa mwaka, nusu muhula wa vuli na nusu ule unaoanza Januari.

Kwa kijana wa kaka yangu mambo yalikuwa mazito zaidi. Ana miaka 19, alishinda bahati nasibu ya Green Card mwenyewe baada ya kidato cha nne, anaishi kwetu, anakula kwetu. Akaniuliza, “Shangazi, si wewe ndiye mzazi wangu hapa?” Nyumbani naam. Kwenye FAFSA hapana. Shangazi, mjomba, dada mkubwa, hakuna anayehesabika, isipokuwa awe amemuasili mtoto kisheria. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, asiye na mke wala mtoto, wala hajatumikia jeshi, kwa kawaida lazima alete taarifa za mzazi, hata kama mzazi yuko Kisii na hajawahi kuona theluji.

Kaka yangu ni mkulima. Hana nambari ya Social Security, na fomu inaruhusu mzazi afungue akaunti bila nambari hiyo, ingawa mwanzoni mwa 2024 njia ya wazazi wasio na nambari ilikuwa na hitilafu ikawabidi wasubiri hadi Machi. Hakuwa na baruapepe pia. Akaenda saiba, mhudumu akamfungulia, mimi nikiwa kwenye video ya WhatsApp saa nane usiku ya huku. “Dada, inasema nimetumiwa nambari.” “Isome, kaka.” Akaisoma taratibu, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Mapato yake tuliyaandika kama yalivyo: majani chai, ndizi, maziwa ya ng’ombe wawili, yakageuzwa dola. Sahihi aliiweka mwenyewe, na hapo nilisimama imara, kwa sababu yule mhudumu alikuwa tayari ameanza kubofya kwa niaba yake.

Barua ya msaada ilipokuja, ilipanga ruzuku na mikopo kwenye orodha moja. Pell juu, ruzuku ya jimbo chini yake, halafu mistari miwili ya mikopo, na chini kabisa jumla moja kubwa inayopendeza. Mtu aliyezoea HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, anajua mkopo ni mkopo, lakini ile jumla inalevya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyetegemea wazazi anaweza kukopa hadi dola 9,500, na kati ya hizo zisizozidi 3,500 ndizo ambazo serikali inakulipia riba ukiwa shuleni. Riba ya mwaka ule ilikuwa asilimia 6.53. Kila mstari una kitufe chake cha kukubali na kukataa. Ruzuku nilikubali, mikopo nikaikataa yote, kwa sababu karo ilikuwa imekwisha kulipika na bado kulikuwa na baki. Simlaumu anayekopa akiwa hana njia. Ninachopinga ni kukopa kwa sababu kitufe kipo.

Sasa krediti. Tangu mwaka ule wa 2024–25, Pell inagawanywa kulingana na krediti zako kwa 12. Ukichukua 9 unapata asilimia 75, ukichukua 7 unapata 58. Lakini si kila krediti inahesabiwa. Inabidi kozi iwe inahitajika kwenye programu uliyosajiliwa. Nilikuwa nimechukua krediti 12, moja ya kozi hizo ikiwa ya kompyuta ambayo rafiki yangu aliniambia ni nyepesi, ya kuinua alama. Mshauri wa masomo alipoifungua programu yangu kwenye skrini, akanionyesha kwamba haimo: kwa karo nina krediti 12, kwa Pell nina 9. Tukaibadilisha na Saikolojia ya Makuzi kabla dirisha la mabadiliko halijafungwa, siku za mwanzo za muhula. Wanaosubiri nafasi ya uuguzi wawe waangalifu zaidi hapa, maana ukimaliza masharti yote ya kujiunga kisha ukaendelea kuchukua kozi za kujaza wakati, Pell haitazilipia.

Muhula ule ule Anatomia na Fiziolojia ikanielemea. Ilikuwa krediti 4 kati ya zile 12. Ukitoka kazini saa moja asubuhi na maabara ni saa tatu, jina la mfupa unalisoma mara kumi halikai. Baada ya mtihani wa pili mwalimu aliniambia bila kuzunguka kwamba C itakuwa ya bahati, na programu ya uuguzi haikubali chini ya C. Nilichukua karatasi nikaandika pande mbili.

Nikijiondoa napata W, alama ya kuonyesha kwamba nimejiondoa kwenye kozi. Haigusi wastani wa alama, lakini inahesabiwa kama kozi niliyojaribu bila kumaliza. Chuo hudai umalize angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu na wastani usishuke chini ya 2.0. Nane kati ya 12 ni asilimia 66.7. Yaani ningekosa kwa chini ya nusu asilimia, na huo ndio wakati nilipotamani ningejiandikisha hata krediti moja zaidi. Upande wa pili: nikibaki nikapata F, nakosa ile ile asilimia, na wastani nao unaanguka, na F hiyo inabaki kwenye rekodi ambayo kamati ya uuguzi itaisoma.

Nikaenda ofisi ya misaada na karatasi yangu. Niliuliza mambo mawili tu. La kwanza, je, nitarudisha pesa? Hapana, kwa sababu sikuwa najiondoa kwenye kozi zote. Ukijiondoa kwenye zote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada ambayo hujaichuma inarudi serikalini, na chuo kinaweza kukudai pengo. La pili, nini kinatokea nikiwa chini ya 67? Onyo la muhula mmoja, msaada ukiendelea, na nisiporekebisha ndipo unakatwa nami nalazimika kukata rufaa. Kwa hiyo nikachukua W nikijua bei yake. Barua ya onyo ilikuja mwezi Januari nikaibandika kwenye friji. Muhula uliofuata nilihamia shifti za wikendi, nikarudia Anatomia mchana nikiwa macho, nikamaliza krediti zote 12. Ishirini kati ya 24 ni asilimia 83, onyo likafutwa.

Baki la Pell huingia benki wiki chache baada ya muhula kuanza, na lina majirani wengi. Siku ilipoingia ya kwanza, kundi la familia la WhatsApp lilikuwa na harambee mbili, na kijana mmoja aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Nilituma kidogo kutoka kwenye mshahara wangu, si kwenye baki. Baki lilinunua stethoskopu, sare na kitabu cha Anatomia kilichotumika, lililosalia nikalikalia kwa ajili ya kiangazi, nilipopunguza shifti. Jambo lingine ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa kwenye mazungumzo yetu: sehemu ya ruzuku inayozidi karo, ada na vitabu inahesabiwa kama mapato ya kutozwa kodi. Chuo hutuma fomu ya 1098-T, inayoonyesha karo na ruzuku zako, mwanzoni mwa mwaka. Weka risiti za vitabu.

Mwaka wa pili fomu iliangalia mapato ya 2023, yaani bohari na makao ya wazee badala ya chaki. Pell ilipungua sana. Kilichoziba pengo ni jimbo: Minnesota ilianzisha mpango wa North Star Promise vuli ya 2024, unaolipa karo na ada zinazobaki baada ya ruzuku nyingine kwa wakazi wa jimbo wenye mapato ya familia chini ya dola 80,000 ambao hawana shahada. Huombi kwa fomu ya pekee. FAFSA ndiyo inayokuingiza. Ndiyo maana nawaambia hata wenye kipato cha kati waijaze.

Fomu ya 2026–27 imechukua mapato ya 2024, mwaka ambao mume wangu alifanya ovataimu nyingi. Tangu wakati huo bohari imempunguzia saa. Ofisi ya misaada ina mamlaka ya kutazama upya hali ya familia mapato yakishuka, lakini haitakuja kukutafuta, lazima uombe. Nimepeleka barua ya mwajiri wake, hati zake za mishahara ya miezi ya karibuni na maelezo ya ukurasa mmoja. Wameniomba pia nakala ya taarifa zetu za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nimeipakua jana, na Jumatatu naipeleka.